Mwanza–Dar–Guangzhou: haya masaa ya kwenye tiketi yanahesabiwaje?

Binti Makoroboi:
Wakuu, habari za jioni. Nauza kava na chaja za simu hapa Makoroboi, Mwanza, miaka yote naagizia watu. Safari hii naenda Guangzhou, China, mwenyewe. Tiketi inasema naondoka Dar 23:10, nafika 14:40 kesho yake. Nimehesabu kwa vidole nikapata masaa kumi na tano na nusu. Mtandaoni naambiwa ni kama kilometa 8,700, masaa kumi na ushee. Nani ananidanganya? Halafu Mwanza–Dar nimekata tiketi ya peke yake, inatua saa mbili usiku siku hiyohiyo. Kaka anasema hata hiyo ni hasara, nipande basi. Miguu yangu huvimba nikikaa sana.

Sangara Mzee:
Hakuna anayekudanganya dada. Saa ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya China, na wenzetu wametutangulia masaa matano. Toa matano, yanabaki kumi na nusu. Ndege kubwa ikishatulia juu hukata karibu kilometa 900 kwa saa. Weka na muda wa kupanda na kushuka, hesabu inakaa. Kurudi usishangae ikichelewa kidogo, upepo wa juu kule huvuma kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi yao.

Kirumba Juu:
Na 23:10 ni saa tano na dakika kumi USIKU. Msicheke. Mimi tiketi yangu ya Dar iliandikwa 05:40, nikasoma saa tano na dakika arobaini. Nikafika uwanjani saa nne asubuhi, najiona nimewahi, mkononi mfuko wa dagaa wa shemeji. Mlinzi akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akatazama dagaa. "Mzee, hii ilishatua Dar kitambo." Kumbe ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na ushee.

Mama Igoma:
Mwanangu, masaa ya angani yaache, kinachonitisha ni hiyo saa mbili usiku. Tiketi mbili mbalimbali maana yake ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji. Hapo bado kusubiri begi, kuhamia Terminal 3 (jengo la safari za nje), foleni, uhamiaji. Panda ya asubuhi, ujilaze kwa ndugu. Wengine hupitia Addis Ababa, njia inaongezeka kilometa elfu moja hivi, ila kinachokula muda ni kukaa kusubiri. Kuhusu miguu: kiti cha kando ya njia, maji mengi, inuka utembee. Ikiwa huvimba hata ukiwa dukani, muone daktari kwanza.

Suka Mstaafu:
Kaka yako anahesabu nauli tu. Kutoka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilometa 1,100. Utakaa kwenye basi muda mrefu kuliko utakaokaa angani kwenda China, halafu na miguu hiyo ndiyo uanze safari yenyewe!

Binti Makoroboi:
Asanteni sana. Nimebadili, napanda ya asubuhi. Kaka kanuna. Kirumba Juu, shemeji aliwapata dagaa wake?

Kirumba Juu:
Niliwatuma kwa basi. Walifika kabla yangu.