Naomba ushauri: waliofungwa mpira kwa ajili ya bawasiri hapa Dodoma
Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa fuso, napakia mahindi Kibaigwa kupeleka Dar, kwa hiyo kukaa ndiyo kazi yenyewe. Bawasiri inanisumbua muda sasa. Damu mbichi inadondoka chooni, na siku hizi kuna kinyama kinatoka nikijisaidia, mpaka nikirudishe kwa kidole.

Daktari amepima, kasema ni ya ndani, daraja la tatu. Kabla ya kisu anataka tujaribu mpira: unabana shina la kile kinyama, damu haifiki, kinasinyaa na kudondoka chenyewe ndani ya wiki moja hivi. Hakuna nusu kaputi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kanionya kwamba nikiona damu nyingi, homa au mkojo kugoma, nirudi mbio.

Mliofanyiwa, iwe hospitali ya Benjamin Mkapa au General (ya mkoa): bima ya NHIF ililipia yote? Maumivu ya siku za kwanza yakoje? Na usukani mliushika tena baada ya muda gani? Bosi hanielewi kabisa.

Mlenda nakula, maji nakunywa. Wenye dawa za kuchoma kinyama, piteni kushoto.