Naomba ushauri: pipi za kujitengenezea nyumbani kwa zawadi za Sekukulu (Krismasi), nina sigiri na jiko dogo la gesi tu

Mama Kireka (mleta uzi)

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri mapema kabla Desemba haijatubana.

Mwaka huu nataka zawadi za Sekukulu nizitengeneze mwenyewe: pipi, kashata, tofi, chochote kitamu kinachofungika vizuri na mtu akakipokea kwa furaha. Wa kupewa ni wengi. Kuna majirani wa hapa uani, walimu wa watoto, wenzangu wa kikundi cha akiba, na fungu kubwa la kwenda nalo Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa wakwe zangu. Halafu kuna karamu ya watoto kanisani. Pipi zinazogawiwa pale kila mwaka ni rangi na harufu tu, na natamani safari hii watoto wale kitu kilichopikwa na mtu anayewajua.

Nina sigiri na jiko dogo la gesi. Oveni sina, kipimajoto cha jikoni sina, na friji ipo lakini umeme hauaminiki. Maelekezo ninayoyaona mtandaoni ni ya watu wa mbali: chemsha sukari mpaka nyuzi 150, weka sharubati ya mahindi, yeyusha chokoleti. Sharubati hiyo madukani kwetu sijaiona, na chokoleti ya kutosha watu wote hao itanimalizia pesa ya mchele.

Nianze na kipi ambacho ni rahisi kweli? Kipi kitastahimili basi hadi Arua? Na nipike lini ili kisiharibike kabla ya tarehe 25?

Mpishi wa Jinja

Dada, karibu. Mimi napika kashata za kuuza, kwa hiyo hapa nitarefusha kidogo.

Kipimajoto kisikuumize kichwa. Chukua bakuli la maji baridi, liweke karibu na jiko. Shira ikianza kuwa nzito, dondoshea tone moja majini. Likikaa laini na ukaweza kulifinyanga kwa vidole, hapo umefika kwenye tofi. Likiwa gumu lakini bado linapindika, ongeza muda. Likikatika kwa mlio, kakaka, bila kupinda, hapo ndipo pa kashata ngumu. Kila unapopima, ondoa sufuria motoni au punguza makaa, maana kutoka kakaka hadi kuungua ni muda mfupi sana.

Usiitegemee rangi peke yake. Sukari yetu nyingi ya dukani ina wekundu wake tangu kiwandani, kwa hiyo shira huonekana imeiva kabla haijaiva. Wanaoandika "mpaka iwe ya dhahabu" wanapikia sukari nyeupe kabisa.

Sharubati ya mahindi kazi yake ni kuzuia shira isirudi kuwa chembechembe. Limau linafanya kazi hiyohiyo: asidi yake huvunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na hizo huizuia sukari iliyobaki isishikane tena. Kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya sukari kinatosha.

Kashata yangu ya karanga ni hii. Kaanga karanga vikombe viwili bila mafuta, pukuchua maganda, ziweke mahali pa joto. Sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, limau kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo. Koroga sukari iyeyuke KABLA haijachemka. Ikishachemka, weka mwiko chini, usiguse tena. Funika dakika mbili tatu ili mvuke uoshe sukari iliyoganda kwenye kuta za sufuria, kisha funua uendelee. Ikifika kakaka, tia karanga na kijiko kimoja cha siagi, geuza haraka. Mwisho tia nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Itafura na kujaa vitundu vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya kashata ivunjike kirahisi mdomoni badala ya kupambana na meno ya wazee. Mwaga kwenye sinia lililopakwa siagi, tandaza, kata mistari ingali moto.

Karanga zisiwe baridi. Ukitia karanga baridi, shira inaganda kabla hujaitandaza.

Mwalimu wa Kabale

Naongezea hapo kwenye nyuzi 150, kwa sababu wapo watakaonunua kipimajoto. Vipimo vile ni vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kampala iko juu kwa takriban mita 1,200, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Huku kwetu Kabale tuko karibu mita 2,000, yanachemka kwenye 93. Joto la shira linaonyesha maji kiasi gani yamebaki ndani yake, na huku juu maji hutoka mapema. Ukingoja 150 hiyo ya kitabuni, utakuwa umepitiliza.

Njia rahisi: chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, soma. Kikisoma 96, punguza nyuzi 4 katika kila kipimo cha maelekezo. 150 inakuwa 146. Hii inakusaidia hata kama kipimajoto chenyewe hakiko sawa.

Binti Bombo

Mama Kireka, unaenda Arua halafu unauliza nini cha kupeleka? Simsim! Wakwe zako watajua umewafikiria.

Chambua simsim vizuri, pepeta, osha kama ina mchanga, ianike ikauke. Ikaange moto mdogo huku ukigeuza mpaka ianze kuruka na kunukia. Kwa vikombe viwili vya simsim, weka asali nusu kikombe na sukari nusu kikombe. Chemsha asali na sukari mpaka tone kwenye maji liwe bonge gumu kidogo, mimina simsim, geuza, epua. Subiri ipoe kiasi cha kuvumilika, lowesha viganja kwa maji, viringisha. Tufe moja liwe la kuliwa mara mbili au tatu, lisiwe kubwa.

Bibi zetu walitumia asali tupu na zilikuwa tamu mno.

Mpishi wa Jinja

Binti Bombo, nakubali utamu. Lakini asali tupu huvuta unyevu wa hewani. Ziache siku mbili hapa karibu na ziwa, uone zinavyonatana. Kwa safari na kwa kuhifadhi, sukari lazima iwepo.

Binti Bombo

Ndiyo maana nimesema nusu kwa nusu, kaka. Za kuliwa siku hiyohiyo kwenye karamu, naendelea kusema asali tupu. Na sukari guru je? Mimi naipenda kwenye simsim kuliko hiyo nyingine.

Mpishi wa Jinja

Kwenye simsim sawa kabisa, ina ladha nzito. Ila inaungua upesi na haitoi kashata inayong'aa kama kioo. Iponde kwanza, iyeyushe na maji kidogo, ichuje kwa kitambaa kwa sababu huwa na takataka, ndipo uendelee.

Nesi Mbale

Naomba msinione mkali. Kazini Desemba tunaona haya mambo.

Karanga zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haimaliziki kwa kukaanga, na sukari itaficha uchungu wake. Usinunue zilizokwisha kusagwa au kukaangwa kama hujui zilitoka wapi.

Karamu ya watoto: walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima wala pipi ngumu ya duara, zinaziba koo. Wapikie kitu laini. Asali hata tone asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na waulize wazazi kama kuna mtoto anayedhurika na karanga au simsim, maana simsim nayo watu huisahau.

Shira ya moto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Watoto wasikaribie sigiri wakati huo. Mtu akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo siagi, siyo yai. Kisha kituo cha afya ikiwa imetoka malengelenge au ni mtoto.

Mama Kireka (mleta uzi)

Nesi, ahsante sana, hilo la umri nilikuwa sijalifikiria kabisa. Sasa hao wadogo niwapikie nini? Na chokoleti ndiyo basi tena?

Mtoto wa Bundibugyo

Chokoleti ya kufunika pipi iache, dada. Ile nzuri inayeyuka karibu na joto la mwili, haitafika hata Karuma hapo njiani. Lakini kakao usiiache! Sisi kwetu ndiko inakolimwa, na inauma kuona watu wanadhani ladha ya chokoleti lazima itoke ng'ambo.

Tafuta kakao ya unga isiyo na sukari. Kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, lile la gramu kama 400, kakao vijiko vitatu vya mezani, siagi kijiko kimoja, chumvi chembe. Weka kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, koroga bila kuacha kwa dakika 10 hadi 15. Ukipitisha mwiko katikati na sufuria ikaonekana chini kwa muda kabla mchanganyiko haujarudi, imeiva. Tia vanila tone moja mbili, nayo iwe ya hapa, Mukono wanailima. Mimina kwenye sahani yenye siagi, ipoe, viringisha vidogo, gaagaza kwenye simsim iliyokaangwa au maziwa ya unga. Ni laini, mtoto wa miaka minne anatafuna bila shida. Kwa wenye shida ya simsim tumia maziwa ya unga pekee.

Kwa kuwa ina maziwa, ipike jana yake, au siku mbili kabla ikiwa friji inafanya kazi. Hii usiipakie kwenye basi.

Mama Pacha

Kuna kitu cha bei nafuu mmekisahau: maganda ya machungwa. Desemba yako mengi, yale ya Teso yenye ganda la kijani yanafaa. Osha kwa kusugua, menya ganda, kata vijiti vyembamba. Chemsha, mwaga maji, chemsha tena, mwaga, mara tatu, uchungu unatoka. Kisha yapike kwenye shira ya sukari na maji vipimo sawasawa, moto mdogo, karibu saa moja, mpaka yang'ae na kupitisha nuru. Yatoe, yatandaze kwenye chekecheo usiku mzima, gaagaza kwenye sukari. Shira inayobaki itie tangawizi uwekee chai.

Kwa walimu hii ni zawadi nzuri kweli. Inapendeza machoni na karibu haigharimu kitu.

Dada wa Kikuubo

Kuhusu kufunga: msitumie kaveera (mfuko wa plastiki) laini, inatoa jasho na pipi zinanata. Kata karatasi ya kuokea, ile isiyonasa mafuta, funga kila kipande peke yake, sokota ncha mbili. Kisha panga kwenye mifuko ya kaki au chupa za jemu zilizooshwa na kukaushwa kabisa. Chupa isiyokauka ndani inaharibu kazi yote. Huku Kikuubo, sokoni Kampala, karatasi na utepe vinauzwa kwa jumla, njoo asubuhi, na njoo kabla ya wiki ya mwisho, maana wiki hiyo hapapitiki.

Utepe ukiwa ghali, tumia byayi, yale magamba makavu ya mgomba. Zichague ndefu, zipanguse, zichane nyembamba, zifunge shingo ya mfuko. Mimi naziona nzuri kuliko utepe unaometameta. Hapo watoto wanaweza kukusaidia, kazi ya moto wakuachie wewe.

Mama Kireka (mleta uzi)

Nimeandika yote kwenye daftari. Naanza na kashata na simsim, maganda ya machungwa kwa walimu, na zile za kakao kwa watoto. Mungu awabariki. Niambieni tu mpangilio wa siku, tunasafiri tarehe 22. Na mvua ikinyesha siku niliyopanga kupika?

Mpishi wa Jinja

Mvua ikinyesha, ahirisha kashata. Hewa yenye unyevu inaifanya inate hata kama umeipika sawasawa. Siku hiyo pika maganda au chambua karanga.

Anza maganda kati ya tarehe 12 na 15, yanakaa wiki kadhaa kwenye chupa iliyofungwa. Kashata tarehe 17 au 18, siku ya jua, na ikipoa tu ifunge papo hapo, usiiache wazi usiku. Simsim tarehe 20. Karamu ya kanisani ni lini?

Mama Kireka (mleta uzi)

Jumapili kabla ya sisi kusafiri.

Mpishi wa Jinja

Basi za kakao Jumamosi jioni. Na usipike fungu kubwa mara moja kwenye sigiri. Vikombe viwili vya sukari kwa sufuria moja, ukimaliza anza nyingine. Ukiongeza maradufu, moto wa makaa hautawahi kuipandisha shira yote kwa pamoja, chini itaungua na juu bado.

Binti Bombo

Na kwenye basi, kopo la bati lenye mfuniko, liwe miguuni pako, siyo juu ya keria wala kwenye buti karibu na injini. Arua mwezi huo ni kukavu kuliko Kampala, zikifika salama hazitanata tena. Za mama mkwe zifunge peke yake, uzimpe mkononi kabla watoto hawajaona kopo.