Naingia mwaka wa tatu sayansi ya kompyuta, nichague akili mnemba, usalama wa mitandao au data?

MtotoWaShangani:
Habari zenu wakuu. Niko home Mtwara likizo, nikirudi chuo natakiwa nichague konsentresheni moja na masomo matatu ya hiari. Darasani karibu wote wanakimbilia akili mnemba na mi naipenda, ila probabiliti nilipata C na ya matriksi, yale majedwali ya namba, nilikula sapu. Mzee ananisomesha kwa korosho, bumu linajazia tu, na kila jioni ananiuliza ukimaliza utafanya kazi gani. Sina jibu la kumpa. Naombeni mawazo.

DadaWaNewala:
Mdogo wangu chukua data. Msimu uliopita nilisaidia chama cha msingi kimoja huku kuingiza majina ya wakulima, karani anapima gunia, anaandika kilo kwa kalamu kwenye risiti, nakala ya kaboni inabaki, usiku tunahamishia kwenye Excel. Kuna mzee nikamkuta yumo mara tatu, Saidi, Said na Saadi, kilo ziko kwenye jina la kwanza akaunti ya benki iko kwenye la pili. Hela ikagoma, mzee wa watu wiki tatu anakuja asubuhi anakaa kwenye benchi na risiti yake kaikunja kwenye nailoni. Siku hiyo ndo nikaelewa mwalimu alikuwa anatukazania nini na praimari kii, yaani kila mtu awe na namba yake moja isiyojirudia kwenye data. Tungetumia namba ya NIDA badala ya jina yasingetokea. Sasa minada ya korosho inaendeshwa kwa mtandao kupitia TMX, soko la bidhaa Tanzania, lakini kule chini bado ni kalamu, kazi ipo nyingi sana.

FundiMnaziMmoja:
Mi niko Lindi, kazi yangu netiweki. Dogo usiumize kichwa na jina la konsentresheni, pambana na masomo ya hiari. Chukua yale ambayo ukiwa peke yako hutayasoma, mifumo endeshi, netiweki, kompaila (programu inayotafsiri kodi iwe lugha ya mashine), yanataka mwalimu na maabara. Kutengeneza apu utajifunza YouTube kwa bando. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, ofisini watu wanazima ruta wanawasha wanazima tena, mi nikapiga traceroute, komandi ya kuonyesha njia data inapopita, nikaona pakiti ndani ya nchi zinafika vizuri zinakwama zikitoka nje, nikawaambia acheni kugusa hizo waya. Na usalama usiudharau, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, taasisi zinahitaji watu wanaoielewa. Kingine, angalia mapema somo lipi linadai uwe umefaulu lipi kabla, na lipi linafundishwa muhula mmoja tu, wengi wanakwama hapo.

Kijana_Masasi:
Akili mnemba ni hesabu kaka. Modeli inakosea, unapima kosa, unarekebisha namba kidogo kidogo, na namba zenyewe ni matriksi kubwa. Kama unaipenda kweli kaa na hayo matriksi likizo hii, kwa mkono, kwenye daftari. Sapu sio mwisho.

MtotoWaShangani:
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Nachukua data, na hiari naweka mifumo endeshi, netiweki na mashine lening (kompyuta kujifunza kutoka kwenye data), matriksi naanza leo. Mzee nimemsomea ile ya risiti, kanyamaza kidogo halafu kasema hiyo kazi naijua. Dada, yule mzee hela alipata?

DadaWaNewala:
Alipata. Tuliandika barua, tukabandika kopi ya kitambulisho chake, mwenyekiti akagonga muhuri, wiki iliyofuata ikaingia yote.