Hilux ya Baba imechemsha Isyonje: gumzo la kikundi cha familia

Jumamosi

Dada Atupele, saa 12:40 asubuhi
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Naomba kila mmoja ausome ujumbe huu mpaka mwisho kabla hajashika jembe. Hilux ya Baba ilichemsha jana jioni ikipanda kutoka Kiwira kwenda Isyonje ikiwa na mzigo wa ndizi, na Lusajo amelala ndani yake kando ya barabara kwa baridi tunayoijua ya mwezi wa sita. Mshale wa joto ulifika kwenye nyekundu, moshi mweupe ukatoka, na maji ya rejeta yakarudi juu na kumwagika. Hii ni mara ya tatu tangu Pasaka. Fundi aliyepigiwa simu usiku anasema tununue injini ya mtumba. Mimi nasema tujue kwanza ugonjwa, kwa sababu injini nyingine ikifungwa kwenye rejeta ileile na mabomba yaleyale itakufa kifo hichohicho.

Dada Atupele, saa 12:46 asubuhi
Lusajo, usiiwashe kwa ajili ya kuitembeza. Kama hujaongeza maji, subiri mpaka uweze kushika mfuniko wa rejeta kwa kiganja bila kuungua, ndipo uufungue taratibu. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua hedi, yaani kichwa cha injini, na hapo hatutakuwa na cha kujadili.

Lusajo, saa 1:20 asubuhi
Shikamoo dada. Sijaiwasha. Injini imepoa kabisa, hata umande umeganda kwenye boneti. Ndizi zimechukuliwa na Fuso la jirani alfajiri na zimeshafika Mwanjelwa, mjini Mbeya.

Mjomba wa Tukuyu, saa 1:31 asubuhi
Tunamshukuru Mungu kijana yuko salama. Ila naomba kuuliza, kwa mvuke wote huo, ndizi zilifika mbichi au zilifika zimeshapikwa? Kama zimeshapikwa, mwambieni mnunuzi alipie na kuni.

Shangazi wa Uyole, saa 1:33 asubuhi
Kaka, umenichekesha mpaka uji umemwagika. Zingekuwa zimepikwa, ningetuma mtu na bakuli.

Binamu wa Mbalizi, saa 1:40 asubuhi
Na parachichi pembeni, tafadhali.

Dada Atupele, saa 1:52 asubuhi
Mjomba, nimecheka na mimi, lakini naomba turudi kwenye gari, maana Lusajo yuko barabarani na hajanywa hata chai. Lusajo, fanya haya sasa hivi wakati injini ni ya baridi. Chomoa kijiti cha oili uangalie rangi yake. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kisha jaza rejeta maji safi mpaka mdomoni, acha mfuniko wazi, washa kwa dakika moja au mbili tu bila kukanyaga mafuta, na uangalie kama mapovu yanapanda mfululizo. Baada ya hapo zima, fuata bomba la juu la rejeta na ulibonyeze. Maji yakiwa bado ya baridi bomba hilo linapaswa kuwa laini. Likiwa limekakamaa, ni presha ya silinda inayovujia kwenye njia ya maji kupitia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, au kupitia ufa.

Lusajo, saa 2:25 asubuhi
Nimefanya yote. Oili ni nyeusi ya kawaida, haina weupe. Mapovu yanapanda mfululizo, na nikiongeza mafuta kidogo yanakuwa mengi mpaka maji yanaruka. Bomba la juu lilikuwa gumu kabla rejeta haijapata hata uvuguvugu. Tena nilipowasha ilitetemeka kama sekunde kumi hivi, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia.

Dada Atupele, saa 2:34 asubuhi
Ahsante sana, mdogo wangu. Kutetemeka wakati wa kuwasha kunaweza kuwa maji yaliyoingia kwenye silinda moja usiku kucha. Fundi akija alegeze nati za mabomba ya nozeli zinazopulizia dizeli, moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, akijikinga mikono na macho kwa sababu dizeli hiyo hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Silinda ambayo mlio haubadiliki inapolegezwa ndiyo iliyo dhaifu, na hapo ndipo gasketi itakapoangaliwa kwanza. Kwa maneno haya hedi inafunguliwa. Sioni njia nyingine.

Mama Mdogo wa Iringa, saa 4:05 asubuhi
Shikamoo dada mkubwa na wote. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa darasani. Swali langu ni moja: kwa nini gasketi iungue mara ya pili ndani ya miaka michache? Gasketi haiungui yenyewe, inaunguzwa na joto. Mfuniko wa rejeta umekaguliwa? Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi 94, si 100. Ule mfuniko wenye alama ya presha ya 0.9 ndio unaoyabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Mpira wake ukichakaa, gari litachemsha kwenye kila mlima hata kama injini ni mpya. Na pale Isyonje ni juu zaidi kuliko mjini.

Dada Atupele, saa 4:20 asubuhi
Mfuniko utanunuliwa, hilo nimeliandika. Rejeta itasafishwa pia, maana tumekuwa tukiijaza maji ya mto badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Lakini mama mdogo, umegusa jambo ambalo sitaki kulipita. Gari hili halina termostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata joto, tangu mwaka 2019, na wote tunajua ilitolewa ikiwa mikononi mwa nani.

Shangazi wa Uyole, saa 4:22 asubuhi
Atupele, mwanangu, hayo tuyaache.

Dada Atupele, saa 4:31 asubuhi
Shangazi, kwa heshima zote, siwezi kuyaacha kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Watu wanadhani termostati ikitolewa gari linapoa zaidi. Kwenye injini yenye njia ya pembeni ya maji, termostati ikipata joto hufungua njia ya rejeta na wakati huohuo huiziba ile ya pembeni. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, na hasara yake unaiona siku ya mlima na mzigo. Asubuhi nako injini inachelewa kupata joto, inakula dizeli na inachakaa. Tulichanga tukanunua rejeta, tukachanga tena tukanunua pampu ya maji, wakati kifaa kilichokosekana kinaenea kwenye kiganja. Baba Mdogo hakutuambia mpaka fundi mwingine alipofungua.

Baba Mdogo wa Igawilo, saa 6:10 mchana
Nimesoma. Gari hilo sijaligusa tangu mwaka huo, na nilinyamaza kwa sababu zangu.

Binamu wa Mbalizi, saa 6:12 mchana
Kuhusu mchango, ni shilingi ngapi kwa kila mtu?

Dada Atupele, saa 6:30 mchana
Kwa kuanzia ni shilingi 60,000 kila nyumba, na nyumba ni tisa. Zitatosha kufungua hedi, kuipeleka kwenye mashine Mwanjelwa ipimwe nyufa kwa presha na kusawazishwa uso kama imepinda, kisha gasketi mpya, mfuniko na termostati. Belti ya taimingi lazima ivuliwe ili hedi itoke, na ni ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini, kwa hiyo naomba tusirudishe ya zamani. Ikikatika barabarani, vali zinaweza kugongana na pistoni. Mpaka sasa nimepokea nyumba mbili tu.

Baba (anaandikiwa na mjukuu), saa 10:15 jioni
Watoto wangu, nimesomewa yote. Termostati ile niliitoa mimi. Gari lilikuwa kwa mdogo wangu, lakini ni mimi niliyekwenda Igawilo na spana, kwa sababu fundi mmoja aliniambia kwamba hazihitajiki huku kwetu kwenye baridi. Mlipoanza kumlaumu, mdogo wangu aliniomba nikae kimya, akasema mzee hasutwi na wanawe. Nilikubali, na nilikosea. Atupele, umemsema baba yako mdogo miaka yote hii bila haki, nami nilikuwa nasikia.

Baba (anaandikiwa na mjukuu), saa 10:24 jioni
Injini ya mtumba sitaki. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na injini hiyo ni ya dizeli aina ya 3L ya Toyota, nafahamu kila bolti yake. Hedi ilishachongwa mara moja mwaka 2003. Mwambieni mtu wa mashine apime unene kabla hajaigusa, kwa sababu hedi haichongwi kila mara kama ubao. Ikiwa haifai, mniambie kwanza. Wakati wa kurudisha, bolti zikazwe kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kipimo. Fundi anayekaza kwa kukisia asiguse gari langu.

Dada Atupele, saa 1:48 usiku
Baba, nimesikia. Baba Mdogo, shikamoo. Nimekukosea, na nimeyasema mbele ya watu, kwa hiyo naomba radhi mbele ya haohao. Nitakuja Igawilo kesho baada ya ibada.

Shangazi wa Uyole, saa 1:55 usiku
Ndaga, ahsante mwanangu.

Mjomba wa Tukuyu, saa 2:10 usiku
Nimetuma za nyumba yangu. Nitaongeza na za mafuta ya kuvuta gari.

Dada Atupele, saa 2:26 usiku
Ahsante, Mjomba. Zimefika nyumba nne. Lusajo amelisukumia gari kwenye uwanja wa mwenyeji mmoja pale Isyonje, na anaombwa liondolewe kabla ya Jumatatu jioni. Mwenye gari la kuvuta katika ukoo huu ni Baba Mdogo peke yake, kwa Canter yake. Sijui kama naruhusiwa kuomba hilo leo, lakini ninaomba. Mnyororo ninao. Mtu wa mashine anataka hedi Jumanne asubuhi, na bado hatujakubaliana ni fundi yupi ataifungua.

Lusajo, saa 3:02 usiku
Dada, alama zinaonyesha Baba Mdogo ameshasoma.