Hobbes na Locke: mbona walianza pamoja wakaishia mbalimbali?

Mdadisi: Habari zenu wakuu. Najiandaa na mtihani. Wanafalsafa Waingereza Thomas Hobbes na John Locke wote wanasema kabla ya serikali watu walikuwa huru na sawa, kisha wakakubaliana kuunda utawala. Mbona Hobbes anaishia kwa mtawala asiyepingika, na Locke kwa wananchi wenye haki ya kumwondoa? Notisi zangu zinasema "walitofautiana kimtazamo" basi.

Mzee wa Maktaba: Mdogo wangu, tazama kila mmoja aliogopa nini. Hobbes aliogopa vita. Waingereza walipigana wenyewe kwa wenyewe hadi mfalme Charles I akakatwa kichwa, Januari 1649. Kitabu chake, Leviathan, kikatoka 1651. Kwake, pasipo mtawala hakuna changu wala chako, ni vita tu; ndiyo maana mtawala hapingiki.

Locke alimwogopa mfalme. Kwake sheria ya asili imetangulia: usimdhuru mwenzio uhai, afya, uhuru wala mali. Serikali inazikuta haki hizo, haizigawi. Imepewa dhamana tu, na ikiihini, mamlaka yanarudi kwa wananchi.

Na hayo yalikuwa maneno ya kumtoa mtu roho. Mwaka 1683 Algernon Sidney, mwanasiasa Mwingereza aliyempinga mfalme, alishtakiwa uhaini. Sheria ilidai mashahidi wawili, serikali ikawa na mmoja. Wakaleta mahakamani makaratasi waliyoyakamata kwake, mswada ambao haujachapishwa, uliosema mfalme hayuko juu ya sheria, ukahesabiwa kuwa shahidi wa pili. Desemba wakamkata kichwa. Locke alikuwa ameshakimbilia Uholanzi. Kitabu chake, Two Treatises of Government, kilipotoka mwishoni mwa 1689 hakikuwa na jina la mwandishi. Alikiri ni chake katika wasia wake tu, 1704. Siwezi kukisoma bila kumfikiria Sidney.

Bintipwani: Lakini huyo Locke alikuwa na hisa Royal African Company, iliyouza watumwa. Haki za asili za nani?

Mzee wa Maktaba: Ni kweli, dada, na simtetei. Kitabu chake kinaruhusu utumwa kwa mateka wa vita vya haki pekee, tena mke na watoto wa mateka hawaguswi. Waliopakiwa melini Afrika Magharibi hawakuwa hao. Kwa maandishi yake mwenyewe ana hatia.

Mdadisi: Asanteni sana. Na Hobbes, hamwachii raia haki yoyote ya kukataa?

Mzee wa Maktaba: Anamwachia ya kulinda roho yake. Hata aliyehukumiwa kifo kihalali ana uhuru wa kupambana na wanaokuja kumuua. Soma sura ya 21, uitaje kwenye mtihani.