Chainizi zangu za kwenye ndoo zimeoza mizizi, naombeni ushauri

Mama_Uani:
Habari za jioni wapendwa. Naishi Dar, nyumba ya kupanga, uani kote pamepigwa sakafu, hakuna hata pa kuchomeka mche wa pilipili. Jua linaingia tangu asubuhi mpaka kama saa saba mchana, kisha ghorofa la jirani linatufunika kivuli.

Miezi miwili iliyopita nilianza kujaribu haidroponiki, yaani kupanda mboga kwenye maji bila udongo. Nilichukua ndoo mbili nyeupe za lita 20, nikatoboa mifuniko matundu matatu matatu, nikachomeka vikombe vya plastiki vyenye vitundu, na miche ya chainizi nikaishikiza kwa vipande vya sponji. Maji ya bomba, na kila ndoo kijiko cha chai cha urea, kwa sababu ndiyo mbolea niliyokuwa nayo.

Wiki ya kwanza ilinawiri. Kufika ya tatu, majani ya chini njano, machanga yamejikunja na ncha zimeungua. Maji yalikuwa yanapungua, basi kila asubuhi nikawa najaza mpaka yaguse mfuniko. Juzi nimeinua mfuniko nikakuta mizizi ya kahawia, inateleza kama bamia, harufu ya mtaro, na kuta za ndoo zote kijani. Nimemwaga.

Sitaki kuacha. Wanangu wanakula mboga kila siku, na zile zinazomwagiliwa maji ya mitaroni zinanitia hofu. Nilikosea wapi? Ni lazima ninunue pampu? Na umeme ukikatika inakuwaje?

Kitalu_Kibaha:
Pole sana dada. Pampu huihitaji. Hiyo njia ya ndoo iliyotulia ilielezwa vizuri na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na uzuri wake ni kwamba haitegemei umeme kabisa. Ila ina sharti moja ambalo ndilo lililokuangusha: mizizi inahitaji hewa.

Siku ya kupandikiza, maji yaguse kitako cha kikombe tu. Mche unakunywa, maji yanashuka, na pale juu panabaki nafasi tupu. Mizizi iliyobaki kwenye ile nafasi inageuka kuwa ya kuvuta hewa, na ya chini inaendelea kunywa. Sasa wewe ulipojaza mpaka juu, ile ya hewa uliizamisha, ikafa, ikaoza, na uozo ukashuka kwa mizizi mingine. Maji yakipungua sana ongeza kidogo, lakini nusu ya juu ya ndoo iache tupu.

Ukijani ni mwani, unaletwa na mwanga kupenya ndoo nyeupe. Ipake rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake ili isichemke juani. Joto la Dar si la kuchezea, maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ndoo ziweke palipo na jua la asubuhi, mchana zikae kivulini. Kwa maelezo yako uani kwako pako hivyo tayari.

Mjukuu_wa_Bibi:
Mimi ningeshauri viroba vya udongo na samadi. Gharama ndogo, na hakuna kupima chochote. Haidroponiki naona inafaa zaidi wanaootesha shayiri ya kulisha mifugo.

Mama_Uani:
Asante ndugu yangu. Viroba nilivijaribu mwaka jana, maji ya udongo yakawa yanachafua sakafu na mwenye nyumba akakataa. Ndiyo maana nimeng'ang'ania ndoo.

@Kitalu_Kibaha, na mbolea?

Kitalu_Kibaha:
Urea iache kabisa. Udongoni kuna bakteria wanaoivunja ndipo mmea uile. Kwenye ndoo hao ni wachache mno, na urea ikizidi inaweza kudhuru mizizi. Halafu urea ni nitrojeni peke yake, na hapa hakuna udongo wa kuupa mmea chuma, magnesi wala kalsiamu. Kila kitu lazima ukitie wewe.

Ninachotumia kwa lita 20: mbolea ya kuyeyuka ya 4-18-38 (namba hizo ni asilimia za nitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye virutubisho vidogo gramu 10, chumvi ya Epsom gramu 5, kalsiamu naitreti gramu 10. Nunua mzani mdogo wa jikoni, vijiko vinadanganya. Yeyusha ya kwanza mpaka iishe, kisha Epsom, na kalsiamu iwe ya mwisho kwenye ndoo iliyokwisha jaa maji. Mara moja nilizichanganya zote kavu kwenye kikombe kimoja cha maji: palepale zikaganda chenga nyeupe kama chokaa, zikatulia chini, na hizo mmea hauwezi kuzinywa tena.

Na dukani wakikupa CAN (mbolea ya kalsiamu amonia naitreti) kwa jina la kalsiamu, irudishe. CAN ina chokaa isiyoyeyuka, si kalsiamu naitreti.

Pwani_Kijani:
Naongeza mawili. Kama maji yako ni ya kisima, yaonje. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na ukitia mbolea juu yake unaunguza miche. Kusanya ya mvua. Ukipata kipima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, lenga kati ya 5.5 na 6.5. Ndimu hushusha, lakini baada ya siku chache inapanda tena, kwa hiyo pima mara kwa mara.

La pili ni mbu, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotuama kwenye vyombo, na Dar tuliugua sana 2014 na 2019. Kila upenyo kwenye mfuniko uzibe kwa kipande cha chandarua.

Sukuma_Nairobi:
Huku Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yanakaa baridi, kwa hivyo letasi inanikubali kabisa. Dada yangu wa Dar asianze na letasi, kwa joto hilo itatoa maua mapema na iwe chungu. Mchicha na matembele ndiyo mboga za huko. Matembele ukikata shina na kulitumbukiza majini, ndani ya wiki moja hivi linatoa mizizi.

Mama_Uani:
Narudi na mrejesho, wiki ya tano sasa. Ndoo moja nimeweka matembele, nyingine chainizi mbili badala ya tatu. Nimezipaka rangi, nimeziba kwa chandarua, mbolea nimepima kwa mzani. Maji yameshuka zaidi ya nusu na sijajaza, ingawa mkono uliwasha kila asubuhi. Leo nimeinua mfuniko: chini mizizi ni mirefu na myeupe, na juu, pale pakavu, imetoa vinyweleo kama pamba. Haina harufu yoyote. Jana tumechuma majani ya nje ya chainizi, yametosha sufuria ya watu watano.

Sasa naomba kujua: hii ndoo nikishavuna yote, maji yaliyobaki niyaongezee mbolea au nimwage nianze upya?

Kitalu_Kibaha:
Hongera sana dada! Mwaga, kamwagilie hata mti wa nje. Mmea haunywi virutubisho vyote sawasawa, kwa hiyo huwezi kujua kilichobaki ni kipi. Sugua ndoo kwa jiki iliyochanganywa na maji, suuza vizuri, anika juani siku nzima. Miche mipya isia leo, ili ndoo ikikauka nayo iwe inakaribia.