Kikundi cha Majirani wa Migosi: Swali la Kiingereza

Mama Achieng: Hamjambo majirani. Mwalimu, naomba msaada. Binti yangu ameandika "The basket of mangoes are heavy," na "are" imekatwa kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Yeye anashikilia kwamba maembe ni mengi, kwa hivyo hakukosea.

Mwalimu: Hatujambo, Mama Achieng. Mwulize angesemaje kwa Kiswahili. Hakuna mtoto hapa Kisumu atakayesema "kikapu cha maembe yameanguka". Atasema "kimeanguka", kwa sababu kitenzi kinapatana na kikapu hata kama maembe ndiyo yaliyokaa karibu nacho. Kiingereza hakina ngeli kama zetu, lakini kiima chake hutafutwa vivyo hivyo: aifunike "of mangoes" kwa kidole, kisha asome kilichobaki, "The basket is heavy."

Baba Ouma: Wangu anakwazwa na ile "s". Ameshazoea kuwa "girls" ni wingi, halafu anaambiwa "sings" ni umoja.

Mwalimu: Hapo ndipo wengi hukwama, na ni haki yao kukwama. "S" ya nomino huonyesha wingi, ilhali "s" ya kitenzi cha wakati uliopo huja pale tu kiima kinapokuwa nafsi ya tatu umoja, ndiyo maana tunapata "the girl sings" na "the girls sing". Asiifanye "s" kuwa kipimo pekee, maana "children" ni wingi na "news" ni umoja. Kwa "police" huandikwa "are", kama sisi tunavyosema "kiboko ametoka ziwani" wala si "kimetoka", kwa kuwa maana imelishinda umbo la neno.

Mama Achieng: Na "a number of matatus"? Nikiifunika "of matatus", inabaki "a number is", nami husoma "are" magazetini.

Mwalimu: Umeuliza jambo zito. "A number of" maana yake ni kadhaa, kwa hivyo matatu zenyewe ndizo zinazotawala kitenzi: "A number of matatus are late." Ukisema "the number of matatus", unazungumzia idadi, nayo ni moja: "The number of matatus is high." Sasa mpe binti asahihishe hii: "Each of the boys have a pen."

Mama Achieng: Amefunika "of the boys" kwa kidole, akaandika "has".

Baba Ouma: Nami nampa wangu hiyo hiyo sasa hivi, kabla hajalala.